Kuanza Fate/Grand Order ya seva ya Japani ukiwa Afrika Mashariki

Anayeanza Fate/Grand Order, gemu la simu la kuita mashujaa na kupigana, kwenye seva ya Japani huogopa Kijapani kwanza. Maneno anayohitaji kila siku ni machache, na baada ya wiki moja kidole kinajua kitufe kilipo bila kusoma. Kinachowarudisha watu sifuri ni mambo matatu mengine: akaunti inayopotea pamoja na simu, saa za seva zisizoeleweka, na mawe ya kuitia mashujaa yanayomalizwa siku ya kwanza. Ukiyaweka sawa hayo, mengine yote yana dawa.

## Hakikisha unaitaka seva hii

Gemu lilitoka Japani tarehe 30 Julai 2015 kwa Android na 12 Agosti mwaka huohuo kwa iPhone. Toleo la Kiingereza lilifunguliwa Marekani na Kanada tarehe 25 Juni 2017. Hadithi ni ileile na mashujaa ni walewale, ila la Kiingereza liko nyuma kwa takriban miaka miwili. Akaunti za seva hizi mbili hazihusiani kabisa. Ulichopata upande mmoja hakihamii upande wa pili, hata ukiwa umekinunua kwa pesa.

Kama unasoma Kiingereza vizuri, duka la simu yako linalo toleo hilo, na unachokitaka hasa ni hadithi, chukua la Kiingereza. Maandishi ya gemu hili ni mengi mno, na kuyasoma yote kwa kamera ya kutafsiri kunachosha. Tena mchezaji wa Kiingereza anajua shujaa gani atakuja mwakani, kwa sababu Japani alishatoka, hivyo anaweka akiba kwa hesabu. Seva ya Japani inamfaa anayetaka kila kitu siku kinapotoka, anayejifunza Kijapani, au mwenye marafiki wanaocheza huko.

## Kuipata na kuisakinisha

Kitambulisho cha programu ya Kijapani ni com.aniplex.fategrandorder. Ya Kiingereza huongezwa .en mwishoni. Aikoni hubadilishwa mara kwa mara na majina yanafanana, kwa hiyo kitambulisho hicho ndicho cha kuamini.

Kwa Android, usibadilishe nchi ya akaunti yako kuu ya Google. Google inaruhusu mabadiliko hayo mara moja tu kwa mwaka, inadai uwe nchini humo na uwe na njia ya malipo ya huko, na salio la Play ulilokuwa nalo halivuki mpaka. Wengi hutumia QooApp, duka la magemu ya Asia, ambalo hupakua APK, faili la kusakinishia programu, moja kwa moja. Simu itaomba ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store: itoe kwa QooApp peke yake, kisha ukimaliza uizime. APK zinazosambazwa kwenye makundi ya Telegram au WhatsApp achana nazo, hasa zile zinazoahidi mawe bila kikomo. Mawe huhesabiwa kwenye seva, hayawezi kuongezwa na faili la kwenye simu. Anayesambaza faili kama hilo anatafuta nywila zako.

Kwa iPhone inabidi kufungua akaunti ya pili ya Apple, nchi ikiwa Japani, kwa barua pepe ambayo haijawahi kutumiwa na Apple. Kwenye njia ya malipo chagua kutokuwa nayo. Baada ya hapo, ndani ya mipangilio, ingia kwa akaunti hiyo kwenye sehemu ya maudhui na ununuzi tu. Usiguse iCloud. Ukitoka iCloud, majina ya simu, picha na nakala zako zinaanza kuvurugika, na tatizo hilo huwa kubwa kuliko gemu lenyewe. Gemu likishashuka, rudi kwenye akaunti yako ya kawaida. Kila toleo jipya likitoka, simu itaomba nywila ya ile akaunti ya Japani, kwa hiyo iandike mahali.

Ni haki ulijue hili pia: Apple na Google wanadai taarifa za kweli kuhusu nchi unayoishi, na wana uwezo wa kuifungia akaunti. Kwa hiyo akaunti unayotumia kwa ajili ya gemu isiwe ile yenye barua za kazi na picha za familia. Aliyeko Japani kwa masomo au kazi hana haja ya mizunguko yote hii.

VPN haihitajiki kucheza. Seva haikufungii kwa sababu uko Mombasa au Bujumbura, na VPN ya bure itazidisha tu kukatika kwa mawasiliano. Simu iliyofanyiwa ruti, yaani iliyofunguliwa ulinzi wa mfumo wake, gemu huikataa likifunguliwa.

Tenga nafasi ya GB 10. Programu yenyewe ni ndogo, lakini ikifunguka huanza kushusha picha, sauti na sura za hadithi, na kila tukio jipya huja na mzigo wake. Fanya hivyo kwenye Wi-Fi au kwenye bando la usiku. Kwenye mipangilio ya ndani tafuta 一括ダウンロード, yaani kushusha vyote kwa mpigo. Ukishafanya hivyo, matumizi ya bando ya kila siku huwa madogo sana, kwa kuwa mapigano yenyewe hufanyika ndani ya simu na seva huulizwa mwanzoni na mwishoni tu.

## Maneno ya kwenye skrini

Weka simu kwenye lugha yako ya kawaida, gemu litabaki Kijapani. Anza na haya ya maamuzi: はい ni ndiyo, いいえ ni hapana, 決定 ni thibitisha, 閉じる ni funga, 同意する ni nakubali, スキップ ni ruka. Kwenye menyu ya chini kulia, 編成 ni kupanga kikosi, 強化 ni kukuza, 召喚 ni kuita mashujaa, ショップ ni duka, フレンド ni marafiki, マイルーム ni chumba chako. クエスト開始 huanzisha pambano na 撤退 ni kujitoa. お知らせ ni matangazo: yafungue kila wiki kwa programu ya kutafsiri picha, maana tarehe zote zimo humo.

Mawili ya kuogopa. 霊基変還 (zamani 売却) ni kuuza, na 聖晶石 ni mawe yenyewe. Kisanduku chochote chenye 聖晶石 na namba pembeni yake kinakuomba mawe. Kisome mara mbili kabla ya kubofya 決定.

## Saa ya kwanza

Utaulizwa jinsia na jina. Jina linaweza kuandikwa kwa herufi zetu na kubadilishwa baadaye, kwa hiyo usikwame hapo. Kisha hufuata mafunzo ya mwanzo, yanayoingia kwenye 特異点F, jiji la Fuyuki lililoungua. Unapewa Mash, binti mwenye ngao. Yeye ni wako milele na gharama yake kwenye kikosi ni sifuri. Muweke mbele tangu siku hiyo.

Ndani ya mafunzo kuna mwito wa kwanza, na humo shujaa wa nyota 4 (nyota ni daraja la uadimu, 5 ndiyo ya juu) ni wa uhakika. Ukimpata Heracles umeanza vizuri sana: ana uwezo wa kuinuka baada ya kufa, na peke yake huwabeba wageni sura nyingi. Wachezaji wa Japani wana mtindo wa リセマラ, kufuta data na kuanza upya hadi apatikane shujaa anayetakiwa. Unaweza kujaribu ukiwa na Wi-Fi isiyolipiwa, kwa kuwa kila jaribio huweza kushusha data upya. Kwa bando la kulipia haifai, kwa sababu unaweza kuazima shujaa wa rafiki katika karibu kila pambano, na shujaa huyo wa kuazima ana nguvu kuliko yeyote utakayempata siku ya kwanza.

Maliza Fuyuki kabla ya jambo lingine lolote. Matukio mengi ya msimu hayafunguki hadi uimalize, na baadhi ya matukio hayo hutoa shujaa wa nyota 4 bure.

## Namba ya kuhamisha: kabla hujafunga simu leo

Gemu hili halikujui kwa barua pepe. Linaitambua simu. Ukifuta programu, simu ikiibiwa au ikiingia maji, akaunti haipo tena mkononi mwako. Kinga ni namba ya kuhamisha, na inachukua dakika mbili.

Ingia マイルーム, tafuta kitufe chenye herufi 引継 (vingine huandikwa 引き継ぎ), kisha chagua kutoa namba, 発行. Utatakiwa kuweka nywila. Baada ya kuthibitisha, utaonyeshwa namba. Piga picha ya skrini, halafu uitume mahali nje ya simu hiyo: barua pepe yako mwenyewe, au iandike kwenye daftari pamoja na nywila. Picha ya skrini inayobaki kwenye simu ileile itaibiwa pamoja nayo. Andika pia namba yako ya kirafiki, ile inayoonekana kwenye sehemu ya フレンド, kwa kuwa watoa huduma huiulizia.

Kwenye simu mpya, sakinisha gemu, na kwenye ukurasa wa mwanzo kabla ya kuanza bofya データ引継ぎ. Weka namba na nywila. Namba ikishatumika imekufa; tengeneza nyingine papo hapo. Hapa ndipo wengi huumia: wanahamia simu mpya, wanadhani namba ya zamani bado inafanya kazi, na simu ya pili ikiharibika wanabaki na karatasi isiyofungua kitu. Ukitoa namba mpya, ya zamani inafutika, kwa hiyo daftarini ikate kwa mstari.

Anayejua namba na nywila ndiye mwenye akaunti. Yeyote anayekuomba vitu hivyo ili akuongezee mawe au akuchezee anakuomba akaunti nzima.

## Saa za seva

Gemu linaendeshwa kwa saa za Japani, na sisi tuna bahati ambayo wachezaji wa nchi nyingine hawana. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na saa ya Kiswahili nayo hutofautiana kwa saa 6 na namba zilizo kwenye simu. Matokeo yake, namba inayosomwa kwenye saa ya Japani ndiyo tunayoitamka sisi. Saa 4:00 ya Japani ni saa nne kwetu. Saa 18:00 ya Japani, ondoa 12, ni saa sita.

Kinachobadilika ni sehemu ya siku. Saa za Japani kabla ya adhuhuri ni usiku wetu, na za baada ya adhuhuri ni mchana wetu. Basi saa 4:00 ya Japani ni saa nne usiku, na saa 18:00 ni saa sita mchana. Tarehe nayo iangalie: kuanzia saa 0:00 hadi 5:59 ya Japani, kwetu bado ni jana yake, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Aliyeko Goma, Lubumbashi, Kigali au Bujumbura apunguze saa moja. Aliyeko Muscat au Dubai aongeze moja.

Sasa zitumie. Zawadi ya kuingia kila siku hubadilika saa 4:00 ya Japani, yaani saa nne usiku. Mapambano ya kila siku hubadilika saa 0:00, yaani saa kumi na mbili jioni. Jumatatu ya gemu inaanza Jumapili magharibi, kama wazee wanavyohesabu usiku wa Ijumaa kuanzia Alhamisi jioni. Matengenezo ya seva mara nyingi huanza saa 13:00 ya Japani, saa moja asubuhi, na matukio mapya hufunguliwa saa 18:00, saa sita mchana. Matukio kwa kawaida hufungwa saa 12:59 ya Japani, ambayo kwetu ni saa 12:59 asubuhi, dakika moja kabla ya saa moja. Anayejiambia atamalizia asubuhi ya siku ya mwisho hukuta mlango umeshafungwa. Siku ya mwisho ya tukio, kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam, ni usiku wa kuamkia tarehe iliyoandikwa.

Nguvu ya kuingia mapambano huitwa AP na hurudi 1 kila dakika 5, sawa na 288 kwa siku. Ukipanda ngazi ya mchezaji unajazwa tena, na mwanzoni unapanda haraka mno. Kwa hiyo matufaha ya kujaza AP, ya dhahabu yanayojaza yote na ya fedha yanayojaza nusu, yasiliwe wiki za mwanzo. Yatunze kwa matukio.

## Pambano linavyokwenda

Mashujaa watatu hukaa mbele na watatu nyuma. Kila mmoja ana kadi 5, hivyo watatu wa mbele wana kadi 15 zinazogawiwa tano tano. Unachagua 3 kila zamu. Baada ya zamu tatu zote 15 zimepita, kisha zinachanganywa upya. Aliyehesabu zilizotoka zamu ya kwanza na ya pili anajua kabisa zamu ya tatu italeta nini. Anayechomeka kadi bila kuhesabu hujikuta amefika kwa bosi akiwa na kadi dhaifu.

Rangi ni tatu. Nyekundu, Buster, ni kipigo kizito. Bluu, Arts, hujaza kipimo cha pigo kuu, linaloitwa 宝具. Kijani, Quick, huzaa nyota za pambano (si zile za daraja la shujaa), zinazoongeza nafasi ya kipigo cha bahati chenye nguvu zaidi. Kadi ya kwanza kati ya zile tatu ndiyo inayozipa nyingine mbili sifa yake: ukianza na nyekundu zote zinapiga zaidi, ukianza na bluu zote zinajaza zaidi. Kadi tatu za shujaa mmoja huongeza pigo la nne la bure. Kadi za rangi tatu tofauti huleta sifa za rangi zote tatu. Kipimo cha shujaa kikifika 100% unaweza kuliweka pigo kuu kati ya zile kadi tatu.

Aina za mashujaa ndizo zinazoamua zaidi kuliko nyota. Saber humpiga Lancer, Lancer humpiga Archer, Archer humpiga Saber. Rider humpiga Caster, Caster humpiga Assassin, Assassin humpiga Rider. Anayemzidi mwenzake hupiga mara 2, na anayezidiwa hupiga nusu, kwa hiyo tofauti ya kuchagua vizuri na vibaya ni mara nne. Berserker hupiga karibu wote mara 1.5 lakini hupigwa mara 2. Mpeleke pambano fupi, si refu. Kabla ya クエスト開始 skrini huonyesha alama za aina za maadui. Zitazame kila mara.

Kikosi chako chote kikifa, kisanduku hutokea na kukupa njia tatu: kujitoa, kutumia alama tatu za amri, 令呪, au kutumia jiwe. Chagua 令呪. Hurudi moja kila siku, jiwe halirudi.

Rafiki wa kuazima hahesabiwi kwenye kikomo cha gharama ya kikosi. Wako wanahesabiwa: nyota 5 ni 16, nyota 4 ni 12, nyota 3 ni 7, nyota 2 ni 4, nyota 1 ni 3, na Mash 0. Ndiyo maana mgeni aliyepata wakubwa wawili siku ya kwanza hushindwa kujaza kikosi. Kwenye orodha ya marafiki watafute wasaidizi hawa: Altria Caster kwa vikosi vya bluu, Koyanskaya wa Nuru kwa vyekundu, Skadi kwa vya kijani, na Merlin unapotaka kuishi muda mrefu. Tuma maombi ya urafiki kwa wanaowaweka hao. Wengi hukubali.

## Kukuza wachache

Mashujaa hulishwa makaa, 種火, yanayopatikana kwenye mapambano ya kila siku. Makaa ya aina ileile na shujaa humpa nyongeza ya asilimia 20. Kikomo cha ngazi hufuata nyota: 90 kwa nyota 5, 80 kwa nyota 4, 70 kwa nyota 3, 65 kwa nyota 2 na 60 kwa nyota 1. Ili kuvuka vituo vya katikati unafanya 霊基再臨, kumpandisha shujaa daraja, mara nne kwa vifaa maalumu. Vifaa hivyo hutolewa na 修練場, mapambano ya uwanja wa mazoezi, ambayo hubadilisha aina kila siku: Jumatatu Archer, Jumanne Lancer, Jumatano Berserker, Alhamisi Rider, Ijumaa Caster, Jumamosi Assassin, Jumapili Saber. Kumbuka kila siku huanza jioni ya iliyotangulia.

Kosa la kawaida ni kugawa makaa kwa kila mtu. Watu watano wa ngazi ya 25 hawamwangushi bosi. Mmoja wa ngazi ya 70 akiwa na rafiki nyuma yake humwangusha. Chagua wanne au watano, na usiwadharau wa nyota chache. Arash, Archer wa nyota 1, hupiga maadui wote kwa pigo kuu kisha hufa, na kufa huko kunamfungulia njia wa nyuma. Cú Chulainn, Lancer wa nyota 3, hukaa hai pale wakubwa wanapoanguka. Spartacus, Berserker wa nyota 1, husafisha mawimbi ya maadui wadogo. Georgios, Rider wa nyota 2, huvuta mapigo yote upande wake. Wote hawa ni nafuu kuwakuza. Wa nyota chache kama hao huitwa kwa pointi za urafiki, 200 kwa mwito mmoja, zinazojaa zenyewe kadiri unavyoazima na kuazimwa.

Ukishampenda shujaa, mfunge kwa ロック ili asiuzwe kwa bahati mbaya. Na ghala likijaa, pambano halianzi: utaona ujumbe wenye 上限, kikomo. Lisha makaa, ondoa kadi za ziada za nyota 1 na 2, kisha rudi. Hakuna haja ya kununua nafasi kwa mawe siku za mwanzo.

## Mawe na pesa

Mwito mmoja ni mawe 3. Mawe 30 hutoa miito 11, kwa hiyo ukiweza subiri yafike 30. Tiketi moja, 呼符, ni mwito mmoja. Uwezekano ni huu: shujaa wa nyota 5 asilimia 1, nyota 4 asilimia 3, nyota 3 asilimia 40, kinachobaki ni 概念礼装, kadi za kumvalisha shujaa. Bango (ukurasa wa mwito) la shujaa mmoja wa nyota 5 kwa kawaida humpa 0.8%. Piga hesabu: mawe 270 ni miito 99, na nafasi ya kumpata angalau mara moja ni kama 55%. Karibu nusu ya wanaotumia mawe hayo yote hutoka mikono mitupu.

Tangu Januari 2022 seva ya Japani ina kinga: ukifika miito 330 kwenye bango moja, shujaa wa nyota 5 aliyetangazwa ni wako. Hiyo ni mawe 900. Hesabu haihamii bango lingine, kwa hiyo kuvuta 100 hapa na 100 kule hakukusogezi popote. Lenga shujaa mmoja, wengine waache wapite. Kabla ya kuvuta, bofya maelezo ya bango usome 提供割合, jedwali la uwezekano. Bango la hadithi, ストーリー召喚, lipo siku zote na halitangazi mtu. Mawe yasiende huko.

Mawe ya bure ni mengi kwa mgeni. Kila pambano huria ukilimaliza hatua zake zote hutoa jiwe 1, na sehemu ya kwanza ya hadithi, iliyokamilika Desemba 2016, ina sura saba baada ya Fuyuki zilizojaa mapambano hayo. Ongeza zawadi za kuingia na za misheni za wiki.

Ukiamua kulipa, jua kwamba malipo hufuata nchi ya akaunti ya duka. M-Pesa iliyofungwa kwenye akaunti ya Kenya haitumiki kwenye akaunti ya Japani, na kadi ya zawadi ya Marekani nayo haiingii. Inatakiwa kadi ya yen. Gemu litakuuliza mwaka na mwezi wa kuzaliwa kwa sababu ya ukomo wa matumizi kwa vijana. Mawe ya kununuliwa, 有償, huhesabiwa mbali na ya bure, 無償, na 福袋召喚, miito ya mfuko wa bahati, za mwaka mpya na za maadhimisho ya kiangazi hudai 15 ya kununuliwa. Kama utanunua mara moja tu kwa mwaka, nunua kwa ajili ya hiyo, maana shujaa wa nyota 5 ni wa uhakika. Wauzaji wa mawe ya bei poa wanaotaka kuingia kwenye akaunti yako uwaepuke, kwani malipo yao yakirudishwa na duka, anayefungiwa ni wewe.

## Mambo yakikwama

通信エラー ni mawasiliano yamekatika. Bofya リトライ. Ikiendelea, zima data na uiwashe, kisha ujaribu tena. Umeme ukikatika au simu ikizima katikati ya pambano, tulia: fungua gemu kwenye simu ileile na litakuuliza kama unaendelea, 再開. Bofya はい. Ukikataa, pambano na AP vimepotea.

Gemu likining'inia kwenye kupakia, rudi ukurasa wa mwanzo utumie キャッシュクリア. Hiyo hufuta picha na sauti tu na kuzishusha upya, akaunti inabaki. Kufuta data ya programu kupitia mipangilio ya Android ni jambo lingine kabisa, hiyo inafuta utambulisho wa simu.

Toleo jipya likikataa kusakinishwa juu ya la zamani, mara nyingi ni kwa sababu faili limetoka chanzo tofauti na sahihi zake za kidijitali hazilingani. Usiondoe la zamani kwa hasira. Lifungue kwanza kama linafunguka, toa namba ya kuhamisha, ndipo uliondoe. Kama halifunguki na namba huna, lipakue tena kutoka chanzo kilekile ulichoanza nacho.

Na kama akaunti imeshapotea bila namba, kimbilio ni お問い合わせ, mawasiliano na watoa huduma. Wataka namba ya kirafiki, jina la mchezaji, aina ya simu, tarehe ya mwisho uliyoingia, mashujaa unaowakumbuka na ngazi zao, na risiti kama uliwahi kununua. Andika kwa Kijapani cha sentensi fupi kupitia programu ya kutafsiri, jambo moja kwa kila mstari, na tarehe zote uziweke kwa saa za Japani.